Nani Apishe Njia

Misafara miwili ilipokutana porini, mmoja ukishuka pwani na pembe za ndovu, mwingine ukipanda Unyanyembe, nchi ya bara palipo Tabora, na majora ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ilibidi mmoja upishe. Njia ilikuwa nyembamba, watu walitembea mmoja nyuma ya mwenzake, na mwenye mzigo wa frasila mbili begani, yaani kilo 30 na zaidi, hana hamu ya kuingia kwenye miiba kwa heshima ya mtu asiyemjua. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita huko mwaka 1857, ameandika walivyoamua. Makirangozi wawili, viongozi wa misafara hiyo, walisogeleana kwa madaha, hatua moja moja, kila mmoja akimpima mwenzake kwa pembe ya jicho. Halafu wakarukiana wakagongana vichwa kama kondoo dume. Watu wao wakafuata, nao wakagongana. Mgeni aliyesimama kando angeapa kwamba damu itamwagika, lakini mambo yaliisha kwa vicheko, na walioonekana dhaifu wakapisha.

Historia ya mashindano ya ngoma katika magharibi ya Tanzania huanzwa mara nyingi na Mjerumani: alikuja na tarumbeta, akapiga gwaride, watu wakaiga. Siikubali hesabu hiyo. Zaidi ya miaka 30 kabla bendera ya Mjerumani haijapandishwa Tabora, njia ya Unyanyembe ilikuwa na mwandamano wenye kiongozi, vazi rasmi, bendera, ngoma na mchuano wa kutambiana. Yaliyokuja baadaye yalikuta uwanja umeshafyekwa.

Mtazame kirangozi anapotoka kambini asubuhi, kwa maelezo ya Burton huyo huyo. Amejitupia joho jekundu lililotobolewa katikati kichwa kipite. Mabegani ana ngozi ya mbega yenye manyoya meusi na meupe, kichwani ana manyoya ya ndege. Anayemfuata ni mpiga ngoma, na ngoma yenyewe ni nyembamba kiunoni, pana juu na chini. Ipo bendera nyekundu ya Zanzibar, imechanwa na miiba na kufifia kwa jua. Kisha wanakuja wachukuzi wa pembe za ndovu, wenye hadhi kuliko wachukuzi wote, na kwenye ncha ya pembe imefungwa kengele ya ng'ombe ili kila hatua isikike. Hakuna ruhusa ya kumtangulia kirangozi. Aliyethubutu alichomolewa mshale kwenye podo lake, na mshale huo ukawa ushahidi wa faini atakayodaiwa mwendo ukiisha.

Hayo ndiyo ya mbele, na wasafiri wa Ulaya waliyaandika kwa wingi kwa sababu yalionekana. Ya nyuma ndiyo yaliyoufanya mwandamano uwezekane. Wapagazi wa Kinyamwezi waligawanyika katika makundi madogo yaliyopika chungu kimoja, wakajenga vibanda vyao pamoja jioni na kulala pamoja. Mwenzao akishikwa na homa, hao ndio waliojua. Kutoka pwani hadi Unyanyembe msafara wa Burton ulitumia siku 134, kupitia Usagara, kupitia Ugogo ambako kila mtawala alidai hongo yake, kupitia Mgunda Mkali, pori lisilo na maji ya kutegemea. Ukifika kambini umechoka namna hiyo, mtu angetarajia watu walale. Hawakulala. Mizigo ikishatuliwa na ugali ukishaliwa, ngoma ilipigwa na watu wakacheza mpaka usiku mwingi, na Wazungu kwenye mahema yao wakashangaa nguvu hiyo inatoka wapi.

Kwa kijana wa Unyamwezi safari hiyo ilikuwa jando lake la pili. Ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto, na kuna waliobebeshwa vipande vidogo vya pembe wangali wadogo ili mabega yazoee. Kwa hiyo ngoma ya njiani haikuwa ya kupoteza wakati. Iliwafundisha vijana kwenda kwa hatua moja, kumtii kiongozi, kujibu wimbo kwa wakati wake, na kusimama mbele ya wageni bila kuinamisha uso. Kabla ya kuingia mji mkubwa, msafara ulisimama nje kidogo. Nguo za safari ziliwekwa, nguo njema zilitolewa kwenye mizigo, baruti ikashindiliwa bundukini. Ndipo wakaingia kwa milio, ngoma na tarumbeta za pembe, na mji mzima ukatoka kuwatazama.

Mji huo ulikuwa Tabora, ambao wageni wa wakati huo waliuita Kazeh. Wafanyabiashara Waarabu waliweka makazi yao hapo katikati ya karne ya 19, ndani ya nchi ya mtemi wa Unyanyembe, mahali ambapo njia ya Ujiji na njia ya Karagwe na Buganda huachana. Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, bado lipo tembe linalotunzwa kwa kumbukumbu ya msafiri Livingstone, ambaye aliagana na msafiri mwenzake Stanley huko Machi 1872. Wageni wengi huishia hapo. Natamani wangeambiwa pia kwamba katika miaka hiyo hiyo mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora kuhusu nani aitawale njia, na kwamba katika vita vya watemi ngoma ilikuwa na kazi yake maalumu: kuita watu, kutangaza msiba, kumtawaza mtemi mpya. Ngoma za utemi zilitunzwa na watu waliopewa kazi hiyo, na kuziteka ngoma za adui kulikuwa kumteka mwenyewe.

Wajerumani walimaliza utawala wa Isike, mtemi wa Unyanyembe, kwa mizinga. Januari 1893 ofisa wao Tom von Prince alilivamia boma lake, na Isike, akiona wameshaingia, alijilipua kwa baruti yake kuliko kukamatwa. Vijana wale wale ambao baba zao walikuwa wapagazi wakaanza kuandikishwa askari, na katika miaka iliyofuata Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema wakawa sehemu kubwa ya jeshi la Wajerumani katika nchi hii. Kazi ya upagazi ilikuwa inakaribia mwisho wake. Makadirio ya mwishoni mwa karne ya 19 yanataja wapagazi kwa makumi ya maelfu wakifika Bagamoyo kila mwaka. Mwaka 1912 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma, na njia ya miguu ikaanza kuota majani.

Kwenye behewa la daraja la tatu ndipo ilipopanda beni.

Beni, ngoma ya gwaride na mashindano, ilizuka katika miji ya pwani kabla ya karne ya 20 kuanza. Sultani Barghash wa Zanzibar alikuwa na bendi yake. Wamisionari wa Freretown, karibu na Mombasa, waliwafundisha watumwa walioachwa huru kupiga ala za shaba. Shule ya serikali ya Tanga ilikuwa na bendi ya wanafunzi. Lakini mashindano yenyewe yalikuwa ya zamani kuliko ala hizo: Lamu, mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa ikipambana kwa ngoma na mashairi tangu enzi ambazo hakuna aliyewahi kuona tarumbeta ya Ulaya. Beni ilichukua ugomvi huo wa kale ikauvika sare. Kukawa na ngoma kubwa ya kubebwa kifuani, ngoma ndogo ya kupigwa kwa vijiti, tarumbeta kama zilipatikana, na safu za wachezaji waliokwenda kwa mguu mmoja. Mombasa vikundi vilijiita Kingi na Skochi. Katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani yakajitokeza makundi mawili makubwa yaliyogawa mji hadi mji: Marini na Arinoti.

Marini walijiona watu wa mjini, wa pwani, waliosoma, makarani na askari wenye vyeo. Arinoti waliwapokea zaidi watu wa bara, wapagazi na vibarua, waliofika mjini na mikono mitupu. Mgawanyiko huo ulibadilika kutoka mji hadi mji, na mtu hapaswi kuuchukua kama sheria. Ila unaeleza kwa nini ushindani ulikuwa mkali hivyo. Mnyamwezi aliyetoka kuvuna katani Tanga, ambaye mchana aliitwa kwa namba yake ya kazi, jioni ya Jumamosi alikuwa meja. Alikuwa na mkanda, utepe begani na fimbo ya kuongozea safu, na chini yake walikuwapo watu waliompigia saluti.

Vyeo hivyo ndivyo vilivyowachekesha Wazungu. Kulikuwa na mfalme, na wakati wa Wajerumani kulikuwa na waliojiita Kaiser na Bismarck. Kulikuwa na majenerali, makapteni, madaktari na manesi, na wanawake walikuwa na upande wao wenye viongozi wao na sare zao za leso. Watazamaji wa Ulaya waliandika kwamba hawa ni watoto wanaocheza kuwa wakubwa. Mwanahistoria Terence Ranger, ambaye kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni bado ndicho kikubwa kuliko vyote juu ya jambo hili, aliwapinga, na naona alikuwa na haki. Mtu anayecheza tu hakusanyi michango kila mwezi.

Kwa maana huko nyuma ya uwanja ndiko beni ilikokaa siku sita za juma. Kiongozi wa Marini au Arinoti alisimamia fedha: ada za wanachama, michango ya sare, fedha za kununua ngozi mpya ya ngoma, fedha za karamu. Mwanachama akifa mbali na kwao, chama kilimzika, kikakaa matanga, kikawapelekea habari nduguze. Mwanachama akihamishwa kutoka Dar es Salaam kwenda Tabora au Kigoma, alishuka stesheni na kukuta wenzake wamekuja kumpokea, ingawa hajawahi kuwaona maishani. Matawi yaliandikiana barua kwa Kiswahili. Cheo cha mtu kilitambuliwa popote alipokwenda. Daktari wa beni alipewa jukumu la kuwaangalia wagonjwa wa chama, na aliyefika mgonjwa ugenini alijua mlango wa kugonga. Hiki ndicho chungu kimoja cha wapagazi, sasa kimepanda treni.

Karamu nazo zilikuwa silaha. Kundi lililotaka kuwafunika wapinzani liliwaalika, likachinja, likapika mpaka chakula kikabaki, na wapinzani wakarudi kwao na deni la heshima: lazima walipe kwa karamu kubwa zaidi. Wapo waliouza mali zao ili kundi lisiaibike. Masheikh walikemea, wamisionari walikemea, na siwezi kusema hawakuwa na sababu yoyote, maana familia zilizobaki na njaa baada ya sherehe zilikuwepo. Lakini wakemeaji hawakueleza ni wapi pengine palipobaki, katika mji wa kikoloni, ambapo kibarua angeweza kuonekana mkarimu.

Katika miji ya bara ala za shaba zilikuwa adimu, na hapa ufundi wa watu ulijionyesha. Kibuyu chenye shingo ndefu kilikatwa mdomo, kikatobolewa tundu dogo ubavuni, na tundu hilo likafunikwa utando wa buibui uliobandikwa kwa uangalifu. Mpigaji hakipulizi. Anaimba ndani yake, na utando ule unatetema hata sauti ikatoka kali kama ya shaba. Kikundi cha watu wanane wenye vibuyu vya ukubwa tofauti kilitoa sauti ya juu, ya kati na ya chini, na ngoma kubwa ikawafunga pamoja. Kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa vibuyu hivyo huitwa malipenga, na vinapigwa mpaka leo katika ngoma iliyozaliwa na beni.

Beni ilifikaje huko? Ilifikishwa na vita.

Vita ya kwanza ya dunia ilipiga njia ya Tabora kwa nguvu. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma, mji ulikuwa makao yao ya bara, na kwenye karakana ya reli walitengeneza fedha za dharura, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Septemba 19, 1916, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia mjini. Miezi michache baadaye Tabora ikakabidhiwa Waingereza, ila Kigoma na Ujiji zikabaki mikononi mwa Wabelgiji hadi 1921. Kwa hiyo katika ukanda mmoja wa reli walipishana askari wa Mjerumani, askari wa Kongo, askari wa Mwingereza kutoka Kenya, Uganda na Nyasaland, na wapagazi wa pande zote. Wapagazi ndio waliokufa kwa wingi kuliko wote, kwa makumi ya maelfu, kwa kuhara, njaa na uchovu. Nchi nzima ilibeba tena mizigo begani kama enzi ya misafara, safari hii kwa lazima.

Novemba 25, 1918, Jenerali Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alisalimu amri Abercorn, mji ambao leo ni Mbala nchini Zambia. Alikuwa na askari zaidi ya 1,100 na wapagazi wengi zaidi yao. Maofisa wa Kijerumani walipelekwa Dar es Salaam kungoja meli za kwao. Askari na wapagazi wao waliletwa Tabora na kuwekwa kambini. Wakati huo huo homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia iliwakuta wamekonda na wamejaa, na wengi waliopona miaka minne ya risasi wakafia hapo.

Ninaikumbuka kambi hiyo kila ninaposikia beni ikiitwa mchezo. Wanaume waliotoka pande zote za nchi, wamepoteza vita isiyo yao, mishahara yao ya miaka haijalipwa, wenzao wanazikwa kila siku. Kambi za vita, za mateka na za wapagazi, ndizo zilizoiotesha beni mizizi kila mahali. Aliyeingia kambini kama Mnyasa akitokea vijiji vya ziwani alitoka anajua hatua za Marini. Aliyetoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, alirudi kwao na mbeni, yaani beni kwa jina la huko, ambayo miaka mingi baadaye ilizaa ngoma ya kalela ya migodi ya shaba. Askari walioshindana kwa bunduki jana walikutana wakashindana kwa ngoma, na baina yao hapakuwa na uadui wa kweli ambao ngoma ilishindwa kuubeba.

Waingereza waliogopa. Mwaka 1919 na baadaye maofisa wao walianza kuandikiana kuhusu chama hiki chenye matawi kutoka Mombasa hadi Nyasa, chenye majenerali, chenye barua zinazovuka mipaka, chenye askari wa zamani wa Mjerumani. Palikuwa na waliohisi njama ya Waafrika wote, na waliohisi mkono wa wakomunisti. Wakachunguza. Walichokuta katika barua ni salamu, habari za vifo, mizozo ya vyeo na mialiko ya karamu. Wakatulia, wakaona ni upuuzi mtupu. Naamini walikosea mara mbili: kwanza kwa kuogopa uasi, pili kwa kutouona mfumo wa utawala uliokuwa mbele ya macho yao, wenye hazina, uchaguzi, kanuni na ustawi wa jamii, ulioendeshwa na watu ambao serikali ilisema hawawezi kujiendesha.

Kufikia miaka ya 1930 na 1940 vijana wa mjini walikuwa wanaiacha beni. Dansi ilikuja na gitaa na saksafoni, na baadaye Tabora ikawa na bendi tatu zilizojulikana nchi nzima: Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz. Kwa mji wa ukubwa ule hilo si jambo dogo, na mashabiki wa bendi hizo waligawanyika mitaani kwa ari ile ile ya Marini na Arinoti. Siasa nayo ilijua mahali pa kuchota watu. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi katika kikundi cha ngoma cha Bomba huko Dar es Salaam kabla hajawa kiongozi wa wanawake wa TANU, chama cha kupigania uhuru, mwaka 1955, na wanawake wa vikundi vya ngoma walikuwa miongoni mwa waliojaza mikutano ya kwanza ya chama. TANU ilipokutana Tabora Januari 1958 kuamua kama itashiriki uchaguzi, mji uliowapokea wajumbe ulikuwa na uzoefu wa miaka 100 wa kupokea wageni kwa ngoma.

Beni ya Tabora haipo tena. Kaskazini kidogo, kuanzia Nzega na Igunga kwenda Shinyanga na Mwanza, mashindano makubwa kuliko beni hayajawahi kukatika, na kwangu hayo ndiyo mrithi wa kweli wa misafara, maana Wasukuma na Wanyamwezi walitembea pamoja kwenye njia hiyo.

Yapo makundi mawili tu, na kila kikundi cha ngoma kiko chini ya mojawapo: Bagika na Bagalu. Wasukuma husimulia kwamba waanzilishi, Ngika na Gumha, walikuwa wachezaji na waganga wa karne ya 19 waliopambana kujua nani zaidi. Hakuna aliyekubali kushindwa, na wafuasi wao wakarithi ubishi. Leo kijiji kinaweza kuwa na pande zote mbili, na wakati mwingine hata nyumba moja. Bagalu hujulikana zaidi kwa bugobogobo, ngoma ya majembe iliyotokana na kulima kwa pamoja, wachezaji wakirusha majembe hewani na kuyadaka kwa mdundo. Bagika wana bununguli, iliyotokana na wawindaji wa nungunungu. Wapo pia wanaocheza na chatu mzima shingoni.

Sheria ya mashindano ni moja, na sijui mahali pengine penye sheria ya haki kuliko hiyo. Baada ya mavuno, mwezi wa 6 hadi wa 8, vikundi viwili vinaingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hakuna jopo la waamuzi lenye karatasi za alama. Watazamaji wanakwenda wanakotaka, wanahama, wanarudi, na wenye umati mkubwa ndio washindi. Kila mtu uwanjani amepiga kura kwa miguu yake, na anaruhusiwa kubadili mawazo mpaka dakika ya mwisho.

Kwa sababu hiyo maandalizi ni ya miezi. Manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo, anatunga nyimbo mpya na kuzificha, kwa sababu wimbo ukivuja wapinzani watakuja na jibu tayari. Wachezaji hufanya mazoezi usiku, mbali na barabara. Mganga wa kikundi ni mtu muhimu sawa na mpiga ngoma: anatengeneza dawa ya mvuto, anazindika uwanja, anawakinga vijana wasilegee miguu mbele za watu. Wengine huona haya kuyataja haya. Ukitaka kuelewa kwa nini kijana wa miaka 20 anaingia uwanjani mbele ya maelfu bila kutetemeka, usimruke mganga.

Alfajiri ya siku yenyewe kazi ya kwanza ni ya wapiga ngoma. Usiku umepita na umande, ngozi zimelegea. Wanawasha majani makavu, si kuni, kwa sababu moto wa majani ni mwepesi na hauunguzi. Ngoma inalazwa, uso wake ukielekezwa motoni, mpigaji anaizungusha polepole huku akiigonga kwa vidole, ameinamisha sikio. Mwanzo inajibu kizito. Baada ya muda inaanza kupanda. Ikizidi, ngozi itapasuka katikati ya ngoma na kikundi kitakuwa kimekwisha. Ikipungua, umati wa upande wa pili utawameza. Mpigaji mzoefu huiondoa kabla haijafika pale anapopataka, kwa kuwa jua la saa 4 litamalizia kazi. Hakuna anayemsemesha wakati huo.

Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, Padri David Clement wa Wamisionari wa Afrika, mzaliwa wa Quebec, alijenga kuanzia miaka ya 1950 makumbusho ya Wasukuma, na ndani yake zimekusanywa ngoma za utemi kutoka tawala mbalimbali. Alikuwa padri aliyeziingiza ngoma kanisani wakati ambapo wenzake wengi walikuwa wakizikemea, na sikukuu ya Bulabo, inayoambatana na sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ikageuka kuwa uwanja mkubwa wa Bagika na Bagalu. Inafanyika kila mwaka, karibu na mwezi Juni. Vikundi vinafika kwa malori na mabasi ya kukodi, na gharama za usafiri, mafuta, chakula na sare zinatoka kwa wanachama wenyewe, kwa michango inayoandikwa kwenye daftari na mweka hazina. Daftari hilo lina pia ukurasa wa misiba. Walioshindwa hawaondoki kabla viongozi wao hawajawafuata washindi kukubaliana tarehe na uwanja wa marudiano, na tangu jioni hiyo manju wao anaanza kutunga.